Kompyuta ya Mkwe Wangu na Sauti ya Mume Wangu

Mkwe wangu ana kompyuta inayorekodi televisheni. Jina lake nalikumbuka, na la baba yake, na majina ya ng'ombe wote waliotolewa mahari, ila hapa sitaandika hata moja.

Ilikaa mezani, sebuleni kwao Tunduma, tumbo wazi, maana kila siku ilikuwa inatengenezwa. Waya zilitapakaa kama utumbo wa mbuzi. Ikigoma, aliipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Leo imerekodi picha bila sauti, kesho diski imejaa mechi za mpira ambazo matokeo yake anayajua. Mtu mzima anatunza mpira uliokwisha chezwa kama mahindi ya mbegu.

Kwetu mama mkwe haongei na mkwe wake, wala hawakai chumba kimoja. Nikija kuwatembelea nilikaa jikoni, na maneno yetu yalipitia kwa binti yangu, ingawa mlango ulikuwa wazi na tulisikiana vizuri tu.

Sasa, watu wa televisheni walikuwa wamekuja kwetu Iyula kupiga picha wakulima wa kahawa, na mume wangu akazungumza. Akafariki kabla kipindi hakijatoka. Picha zake ninazo. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote ila humo kipindini. Tulipoambiwa kitatoka Jumamosi saa tisa alasiri, nikamwambia binti yangu, "Mwambie mumeo asiharibu."

"Mama anasema usiharibu."

"Mwambie mama atulie. Nimeshaipanga, itajiwasha yenyewe."

Siku ilipofika akakataza mtu kugusa televisheni. Eti mashine ikisumbuliwa inakwama. Saa ikifika itawasha kila kitu yenyewe. Wakakaa mbele ya kioo cheusi kama watu wanaosubiri mwili hospitalini. Mimi nikavuta kigoda karibu na mlango wa jikoni.

"Bado?" nikauliza.

"Mama anauliza, bado?"

"Stesheni wamechelewa. Hawa watu hawana nidhamu."

Tukaendelea kusubiri nidhamu ya stesheni, mpaka akaingia jirani yao, mama anayeuza mitumba, anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mzee kaongea vizuri, jamani. Nimelia. Mbona ninyi mmezima?"

"Kaongea lini?" binti yangu akauliza.

"Si sasa hivi? Kimeisha."

Jirani alipokwisha ondoka ndipo mashine ikajiwasha, taa nyekundu juu. Ikarekodi msichana anayefundisha kuchora nyusi. Picha safi, sauti safi, haijawahi kufanya kazi vizuri vile.

Ng'ambo, Zambia, saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma hata muuza vitumbua ukipanga naye kukutana anakuuliza kwanza, saa ya wapi? Mkwe wangu kazi yake ni kupitisha mizigo hapo mpakani, anavuka na kurudi kutwa. Lakini laini ya intaneti alinunua ya ng'ambo kwa kupenda rahisi, kompyuta ikachukua saa ya huko, na yeye asiiulize.

"Mwambie mama kitarudiwa Jumatano. Saa nimerekebisha."

Jumatano nikatoka jikoni, nikaketi kwenye kochi lake. Binti yangu akashika mdomo. Mkwe akainuka atoke, macho chini, kama inavyopasa.

"Kaa," nikamwambia. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu aoe. "Washa televisheni tutazame. Hilo dude lako lifanye linalotaka."

Akawasha. Mume wangu akatokea, vifungo vya koti amevikosea, anakohoa kwanza, kisha anaeleza namna ya kukata matawi ya mibuni kwa ile sauti yake ya puani. Hakufika mbali. Wakamkata katikati ya neno wampishe bwana mmoja wa ofisini, viatu vinang'aa, anasoma kwenye karatasi mambo ya kahawa ambayo hakuwahi kuyashika kwa mkono. Huyo walimwacha amalize.

Kipindi kilipokwisha, mkwe akabonyeza-bonyeza, jasho linamtoka. "Imenasa yote, mama," akasema, akiitazama meza.

"Rudisha pale anapokohoa."

Akarudisha. Mume wangu akakohoa, akaanza kusema. Wakamkata tena pale pale.

"Tena," nikasema.