Abiria wa Nyumbani

Niliporudi Kidete kutoka Ruhembe nilikuwa mtu aliyechoka, na nasema hivyo bila kujionea huruma. Kukata miwa kulikuwa kumenimaliza mgongo. Asubuhi nilitoka kitandani kwa awamu, kwanza mabega, halafu kiuno, halafu miguu, kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Mke tulikuwa tumeshaachana huko huko. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama, na shamba dogo ambalo mto Mkondoa ulikuwa unalimega kila masika.

Kazi niliyoona naweza kuifanya nikiwa nimenyooka ilikuwa moja tu: kuvusha watu. Mvua zikikolea mto unajaa, na mashamba mengi yako ng'ambo. Watu huvuka kwa mitumbwi ya kikundi cha wavushaji, na kikundi hicho hakimkabidhi mtu abiria hivi hivi. Unaanza kwa kukaa katikati ya mtumbwi na kopo, unateka maji yanayoingia. Ukivumilia, unahamishiwa mbele, uangalie magogo yanayoshuka na mafuriko. Mwisho kabisa unapewa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, unasimama nyuma na kuitwa nahodha.

Kopo nililishika masika yote. Wanawake waliokwenda kupalilia walinitania kwamba mwanamume mzima nimerudishwa darasa la kwanza, nijikaze kisabuni. Zamani ningewajibu, tena kwa ukali. Wakati ule hata kujibu ilikuwa kazi, nikawa nateka maji tu. Masika yaliyofuata nilihamishiwa mbele, nako nikakaa muda wangu, shingo ikauma kwa kutazama upande mmoja, nikavumilia.

Pondo ndilo lililotaka kunishinda. Muwa unakatwa chini kabisa, karibu na udongo, kwa hiyo mkata miwa anainama na kupiga. Mwili wangu ulikuwa haujui jambo lingine. Kila nilipolishusha pondo majini niliinama na kulipiga kama nakata, na kila nilipoinama mtumbwi uligeuza pua na kuanza safari ya kushuka na maji kwenda Kilosa. Mwenyekiti wa kikundi, mzee mwenye maneno machache, alikuwa akikaa ukingoni ananitazama. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, basi, mpaka jioni hakuna zaidi.

Siku moja akachoka kunitazama. "Kijana, hapa hakuna muwa," aliniambia. "Simama wima. Lilalie hilo pondo, elekeza pua kule maji yanakotoka, halafu ngoja. Mto wenyewe utakushusha mpaka bandarini."

Nilikuwa nimeshapita umri wa kuitwa kijana, na neno hilo lilinifurahisha kuliko somo lenyewe. Lakini somo nalo liliingia. Kungoja nilikuwa naweza, maana mtu aliyechoka hana haraka.

Pua ya mtumbwi ilipotulia, mwenyekiti alisema amebaki abiria wa nyumbani. Huo ndio utaratibu wao, wa tangu zamani. Nahodha mpya hapimwi kwa kumvusha mwenyekiti, anapimwa kwa kumvusha mtu anayelala naye nyumba moja. Wanavuka wawili peke yao, na wengine wote wanabaki ukingoni. Na mtu huyo apande kwa hiari yake, si kwa kubembelezwa wala kuburutwa. Nilipouliza kwa nini, mwenyekiti aliniangalia kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Kama wa kwako hakuamini," alisema, "sisi tukupe wa wenzio?"

Mimi wa kwangu alikuwa mama tu. Na mama, mto ulimchukulia mdogo wake wakati wote wawili bado watoto wa kuchota maji kwa vibuyu. Tangu siku hiyo hajawahi kupanda mtumbwi. Nguo anafulia pampuni, hata kama foleni ni ndefu.

"Sipandi," alisema nilipomweleza. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Mama, usipopanda hawanipi kazi."

"Najua. Ndiyo maana sipandi."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli kweli, kwa sababu nilikuwa nimemaliza nguvu zangu zote kwenye lile kopo na lile pondo, na sasa mlango unafungwa na mtu ninayemlisha. Sikumtukana, nashukuru Mungu. Ila kwa siku nyingi tulikula ugali kama wapangaji wawili wasiojuana.

Msimu wa kukata miwa ulipokaribia nilipiga moyo konde, nikaamua kurudi Ruhembe. Nilijua mgongo hautafika mwisho wa msimu, lakini nilijua pia kwamba njaa haiangalii mgongo wa mtu. Nilipanga kwenda Kilosa, nipate basi la Mikumi, na huko lingine la kunishusha Kidodi, jirani na Ruhembe. Asubuhi nikafunga panga kwenye gunia, nikakaa kizingitini kuvaa buti. Mguu uliingia. Kamba zikanishinda. Niliinama nusu, mgongo ukakaza, nikabaki pale pale, siwezi kushuka wala kupanda.

Mama alikuwa nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Alizunguka akaja kuchuchumaa mbele yangu, akaanza kunifunga kamba kama nakwenda chekechea.

"Hata viatu?" aliuliza.

"Ni leo tu."

"Usinidanganye, baba."

Alimaliza kufunga buti la kwanza, akaliangalia. Kisha akalifungua tena, taratibu, akalivuta likatoka mguuni. Aliingia ndani akajitanda khanga, akachukua kikapu, akatoka.

"Twende basi," alisema. "Kabla sijabadilisha mawazo."

Bandarini mama alisalimiana na mwenyekiti kwa Kisagara, maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia mimi. Mama akapanda. Abiria wote hukaa wakitazama mbele, yeye akakaa akinitazama mimi, mto na ng'ambo vyote viko mgongoni kwake. Nilimwona mwenyekiti anataka kumsahihisha, akaacha.

Nililalia pondo, tukaondoka. Katikati, pale maji yanapokuwa na nguvu, niliona gogo linashuka kutoka juu. Mwili wangu wote ulitaka kuinama na kupiga. Nilisimama wima, nikaushikilia mtumbwi hapo hapo, nikangoja. Maumivu yalipanda kutoka kiunoni mpaka kisogoni. Gogo likapita mbele ya pua.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Gogo. Limeshapita."

Hakugeuka kuliangalia. "Mgongo unauma?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa, kikapu amekikumbatia kifuani. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na kazi mikononi.

Ng'ambo alishuka, akasimama kwenye matope, akatazama mahindi ya watu. Ndipo nilipoona kwamba kikapu hakikuwa na kitu, na kwamba hakuja kuchuma chochote.

"Haya nirudishe," alisema. "Mimi sina shughuli huku."

Pondo nilikabidhiwa siku hiyo hiyo. Mama hajapanda mtumbwi tena. Ila masika yakiingia, kila jioni namkuta amekaa juu ya tuta la reli, mahali unapoonekana mto wote, na hatoki mpaka nivushe abiria wa mwisho. Zamani alikuwa analala mapema. Nimemwambia asije, miguu yake inavimba, hasikii. Nikimaliza kufunga mtumbwi anajiinua kwa awamu, kama mimi, tunaongozana kwenda nyumbani, na njiani hatuongei kwa sababu wote tumechoka.