Mafiga ya Mama Kutoka Sanje

Ifakara kwetu jiwe ni mgeni. Chimba shimo la choo uwezavyo, utatoa udongo mweusi wa mpunga, kisha mchanga, kisha maji. Tulipokuwa watoto Mlabani, hata ndege wa shambani tuliwatupia madonge ya udongo mkavu.

Ndiyo maana mafiga ya mama yalikuwa fahari ya ua wetu. Alikuja nayo alipoolewa, mawe matatu ya kijito cha kwao Sanje, chini ya milima. Moja lina mistari myeupe na myeusi. Mama analiita Mwenye Shuka. La pili linametameta. La tatu halina sura, ila ndilo lisilotikisika. Baba naye aliwahi kujitia mjuzi, akaleta jiwe zuri la mtoni, laini, likapasuka motoni na maharage yakaruka hadi kwenye paa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile tulikula ugali kwa chumvi, na mpaka leo sikumbuki mlo mtamu kuliko ule.

Siku hizi tunapikia gesi. Mwaka jana kaka yangu, akijenga chumba uani, aliyataka mafiga ayatie kwenye msingi. Mimi nilikasirika, mama wala.

"Mwache," alisema. "Kwetu yamejaa. Nitaokota mengine."

Kabla msingi haujaanza kujengwa, tukapanda basi, mimi na yeye, hadi Sanje. Kijito kipo, ila kingo alikookota mawe akiwa msichana zimechimbwa, yamebaki mashimo, na kando yake marundo ya kokoto yakisubiri lori. Sikuweza kuwalaumu waliokuwa wakiponda mawe kwa nyundo. Wanakula kwa nyundo hiyo. Ila iliniuma. Ukikata mti wa mlimani utaulizwa, ukimgusa mbega utaulizwa. Mawe hayana wa kuyasemea, na wakati mti hupandwa tena, jiwe likishapondwa, basi.

Mama aliinama kwenye rundo, akapekua, akapata kipande chenye mistari, kidogo kama kidole gumba. Akakifunga kwenye pindo la khanga.

Tulipofika nyumbani alikiweka kando ya Mwenye Shuka, akamwita kaka.

"Mwanangu, haya usiyaguse," alisema. "Kwetu sasa ndiyo haya matatu."

Kaka alijengea matofali.