Tabaka la Saba la Dulmaa

Kwa miaka ishirini na sita Dulmaa alifagia ngazi za jengo la ghorofa tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alikuwa mnene, mzito wa miguu na mwepesi wa macho. Aliishi katika hema la duara kwenye kilima cha kaskazini mwa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kule ambako maji hununuliwa kwa dumu na makaa kwa gunia. Hema lilikuwa la mama yake. Ndugu wote walizaliwa humo, na walipogawana vitu hakuna aliyelitaka ila yeye.

Mwaka huo, sikukuu ya Mwezi Mweupe ilimkuta akiwa mkubwa wa ukoo. Dada yao mkubwa alikuwa ameshafariki na mwaka wa msiba umekwisha, kwa hiyo asubuhi ya mwaka mpya watu wote wangeanzia kwake kabla ya kwenda kokote. Mdogo wake Zundui, mwenye duka la vipuri na nyumba yenye lifti, alimpigia simu mara tatu. Dada apumzike, alisema, watu waende kwake, nafasi ipo ya kutosha. Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Dulmaa. Alijua kwamba ukoo ukianzia kwa Zundui mwaka mmoja tu, hautapanda tena kilimani. Akamjibu kuwa mkubwa ni yeye na mlango ni wake.

Kusema ni rahisi. Alichokuwa nacho ni pensheni na kiburi. Tangu majani yapukutike alikuwa akifuma soksi za manyoya ya ngamia, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Buuz, yale maandazi ya nyama yanayopikwa kwa mvuke, alitengeneza mia tatu, kabeji nyingi kuliko nyama, akayagandisha nje kwa baridi ya bure. Mahali pa mgongo mzima wa kondoo, unaowekwa mezani siku hiyo, akaweka kidari. Mikate ya sikukuu, ile mirefu yenye umbo la soli ya kiatu, aliinunua kwenye lango la kiwanda, ile iliyopinda, kwa nusu bei.

Mikate hiyo hupangwa tabaka juu ya tabaka. La kwanza ni furaha, la pili huzuni, la tatu furaha, na kuendelea, na sharti juu kabisa iwe furaha. Maharusi hupanga matatu, wazazi matano, mkubwa wa ukoo saba. Mchana wa kuamkia sikukuu Dulmaa alifungua boksi akakuta mikate minne imepasuka. Mkate uliopasuka haupandi mezani. Akapanga iliyobaki, minne kwa kila tabaka: matabaka sita. Akabomoa, akapanga upya, kana kwamba ingeongezeka. Sita. Akiweka matano, amekiri kwamba humu hamna mkubwa. Akiacha sita, amewakaribisha watu kwenye huzuni. Kiwanda kilishafunga, na hata kingekuwa wazi, mkoba wake ulikuwa mtupu. Akakaa kwenye kigoda akalia kwa hasira, mama wa watu.

Hivyo ndivyo Chimgee alivyomkuta. Alikuwa jirani yake wa miaka mingi, mjane, wanawe wawili wako Korea kutafuta maisha. Aliitazama mikate, akatoka bila kuuliza, akarudi na kikapu.

“Mbona minane?” Dulmaa akauliza. “Hayo ni matabaka mawili.”

“Ninayo matano. Nikikupa moja nabaki na manne. Nikae na huzuni ya nini? Bora nibaki na matatu.”

“Matatu ni ya bi harusi, shoga.”

“Si ndiyo mimi? Sabini na moja, na jino la mbele bado ninalo. Chukua. Kwangu nani anakuja kuhesabu?”

Wakacheka wote wawili. Lakini neno lile la mwisho lilibaki na Dulmaa alipokuwa akipanga tabaka la saba.

Kulipopambazuka alisikia theluji ikikwaruzwa na viatu vingi. Akafungua mlango, akasahau kuufunga. Njia nzima ya kilima ilikuwa imejaa majoho ya hariri, ya kijani, ya zambarau, ya dhahabu, wazee wakishikwa mkono, watoto wamefungwa manyoya hadi puani, na pumzi za watu wote zikipanda angani kwa pamoja. Arobaini na tatu. Hakuwa amejua kwamba damu ya mama yake imekuwa watu wengi kiasi hicho. Mmoja mmoja wakaingia, wakapitisha mikono chini ya viwiko vyake na kuvibeba, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa. Zundui aliyatazama yale matabaka kwa muda, midomo ikihesabu. Kisha akala buuz tisa, akaomba nyingine.

Walipoinuka kwenda kwa Zundui, Dulmaa alichukua mtandio wake.

“Bado,” alisema. “Kuna mkubwa mwingine. Ananizidi miaka mitatu.”

“Wa ukoo gani?” Zundui akauliza.

“Mikate ya juu mliyoiona ni yake. Ameishusha meza yake ili yangu ipande.”

Zundui akavua glavu, akanyanyua sufuria ya buuz yeye mwenyewe.

Chimgee alifungua mlango akiwa peke yake, joho limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliiona foleni iliyotoka mlangoni pake hadi nje ya uzio, akageuka kutazama nyuma, kuona wanamwendea nani. Dulmaa akambeba viwiko. Wengine walisimama kwenye baridi inayokata masikio, na hakuna aliyeondoka. Dulmaa aliwatazama na moyo ukamjaa hadi akaona haya.

Zundui akafuata, akapitisha mikono yake.

“Una amani, mama?” akasema. “Mwakani tukitoka kwa dada tunakuja hapa.”

Chimgee akashika mikono ya joho la Zundui, hakuiachia, na foleni ikangoja.