Cherehani Yangu na Ujira wa Wakili

Watu wakinisikia namwombea dua mume aliyeniacha, huniuliza kama nna akili timamu. Nnazo! Sikilizeni kwanza.

Tulipoachana, miaka ile ya hamsini, alirudi kwao Mkokotoni na cherehani yangu akaichukua. Kiburi tu, maana hata kutunga uzi hajui. Nikabaki mjini na mwanangu mchanga, na kushona ndiyo riziki yetu. Nikamwendea wakili. Nisimseme vibaya, kazi yake aliifanya: alisimama mbele ya kadhi akasema maneno yakakaa, cherehani ikarudi. Nilipiga vigelegele pale pale nje ya korti.

Ujira nilimwahidi. Lakini mimi, na ujinga wangu, nilidhani aliyeshindwa ndiye atakayelipa. Wakili akangoja, akachoka, akanishitaki. Hakimu akanipa muda. Nisipolipa, cherehani inadiwe. Yaani mali niliyoigombea iuzwe kumlipa aliyenigombea! Nililia mpaka macho yakavimba.

Siku ilipofika nikavaa buibui langu nikaenda. Namwona nani kwenye benchi? Yule bwana wa Mkokotoni! Habari za mnada zilimfika huko huko kwao. Nikafyonza. Nikasema moyoni, kaja kunicheka huyu.

Tulipoitwa akainuka, akafungua fundo la leso.

"Bwana hakimu, mke akiachwa hupewa kitoka nyumba, aondoke kwa heshima yake. Mimi kwa hasira sikumpa kitu. Nimeuza ng'ombe. Alipwe wakili, kitakachobaki ni chake." Kisha akanigeukia. "Mama wa mwanangu, niwie radhi."

Nilirudi nyumbani nikaikumbatia cherehani, nikacheka na kulia pamoja. Mungu amlipe, nilisema, na mpaka leo nasema.

Baadaye alipooa tena, gauni la bibi harusi alinipa mimi nilishone. Wenzangu wakanichochea, "Mbane makwapa, shoga!" Wivu nilikuwa nao, sikatai, tena ulinichoma. Lakini ujira sikutaka. Nilishona kila mshono mara mbili, na ubavuni nikaacha kitambaa cha akiba, ili Mungu akimjaalia mimba yule bibi, apate kulipanua.