Mlezi Kabla ya Mtoto: Mbio za Mpiga Pasi

Saa sita na nusu mchana. Mpiga pasi anaining'iniza pasi ya mvuke kwenye ndoano, anajifuta jasho kwa kiwiko, anachomoka mlangoni. Wenzake katika duka hili kubwa la dobi wanafungua vyakula vyao. Yeye anakula ndizi njiani, mkono mmoja kiunoni, maana mimba ina wiki thelathini na tatu na mapumziko ni nusu saa tu.

Anakokwenda ni nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ameambiwa kuna mama analea watoto wachanga.

Chumba ni kimoja. Mkekani wamelala watoto sita, wa saba amebebwa. Redio inaimba. Mpiga pasi anasalimia, anavua viatu, anaanza maswali yake matatu ambayo sasa anayasema kama mtu anayesoma namba yake ya simu. Unalea wangapi peke yako? Ukienda chooni nani anabaki nao? Na je, naweza kuja saa yoyote bila kukuarifu?

Mawili ya kwanza mama wa redio anayajibu. La tatu linamchoma.

"Dada, umekuja kutafuta mlezi au umekuja kukagua jela?"

"Nimekuja kutafuta mlezi, dada yangu. Ahsante, nimeshajibiwa."

Anavaa viatu. Hapa ni mahali pa tisa kufika tangu mimba itimize miezi minne. Anarudi kazini kwa mwendo wa kasi, na saa saba kamili ameshika pasi tena. Mashati mia moja na ishirini kwa siku, kola kwanza, mikono baadaye, mgongo mwisho.

Kazini wamempachika jina: Mama Mapema. Anacheka akilisikia, lakini anajua lilikotoka, na huko hakuna kicheko.

Mtoto wake wa kwanza, binti ambaye sasa ana miaka minne na yuko chekechea, alizaliwa mama yake akiwa na matumaini tele na mpango hana. "Nilijiambia nizae kwanza, mengine yatajipanga yenyewe," anasimulia, akiwa ameketi kwenye kitanda cha chumba chao, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Likizo ni wiki kumi na mbili. Nilianza kuulizia wiki ya kumi. Kila nilikobisha hodi, wamejaa."

Mwishowe akamchukua msichana aliyeletwa na jirani wa jirani. Hakuwa na muda wa kuuliza lolote. Siku ya tisa, umeme ulikatika kazini na wote wakaruhusiwa kuondoka mapema. Alipoukaribia mlango wa chumba chake alisikia kitu kama paka. Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje.

"Mwanangu alikuwa peke yake. Amelia mpaka sauti imekwisha, imebaki pumzi tu."

Msichana alitokea baada ya saa nzima, ameshika soda. "Sikumpiga. Nguvu ya kupiga ningeitoa wapi? Nilimuuliza tu, umetoka saa ngapi? Akasema sasa hivi. Lakini maziwa kwenye chupa yalikuwa yameshaganda."

Kesho yake hakwenda kazini. Alikaa nyumbani mwaka mmoja na nusu. Aliporudi, nafasi ya usimamizi wa meza za pasi, aliyokuwa amekwisha ahidiwa, alikuwa nayo mwingine, na yeye akaanzishwa upya kama mwanafunzi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Safari hii, kipimo kilipoonyesha miezi minne, mpiga pasi alianza msako. Mama mkwe wake hakupendezwa. "Mtoto hajafika, mnampangia kwenda kwa watu? Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu." Mume wake, fundi wa plasta anayependa utani, alimuunga mkono mama yake.

"Mke wangu, hata kuku hutaga kwanza ndipo akatafute pa kulalia vifaranga."

"Kuku haingii zamu saa moja asubuhi," alijibiwa.

Mahali pa sita alimpata aliyemtaka, mkunga mstaafu mwenye nyumba safi, anayelea watoto wanne tu. Alimwandika mtoto ambaye hajazaliwa kwenye daftari: Wa Mpiga Pasi. Kwa wiki kadhaa mpiga pasi alilala usingizi wa watu waliomaliza kazi.

Wiki ya thelathini na moja simu iliita. Mkunga alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Binti yake, anayeishi mbali, alikuwa anatarajia mapacha na hakuwa na wa kumsaidia. "Nisamehe. Ningekulelea kwa moyo wote. Lakini na mimi ni bibi, mwanangu."

"Ningemlaumu vipi?" anauliza mpiga pasi. "Yule binti yake ana shida ileile yangu. Yeye ana mama, basi." Anatoa mguu mmoja kwenye beseni, anaurudisha. Tangu simu ile hajui kutulia. Usiku anageuka na kugeuka, mchana anahesabu wiki vidoleni huku pasi ikiunguruma. Wiki iliyopita aliunguza shati la mteja, la kwanza tangu arudi kazini.

Mahali pa kumi palikuwa mbali, nusu saa isingetosha. Akamtuma mumewe.

Fundi plasta alikwenda akiwa na utani wake na akarudi hana. Alikaa mlangoni akikwangua saruji kavu kwenye kucha mpaka mkewe akachoka kungoja.

"Vipi? Wanalea wangapi?"

"Sijauliza."

"Chooni wakienda nani anabaki?"

"Mke wangu, sikufika kwenye maswali. Nimefika, nimeona komeo liko upande wa nje, na ndani mtoto analia. Nimeita, hakuna mtu. Nimefungua, nimemnyamazisha, nimesimama pale mpaka mwenyewe akatokea sokoni." Akakwangua ukucha mwingine. "Siku ile ya binti yetu mimi nilikuwa kwenye ujenzi. Uliponisimulia nilisema pole. Nilidhani pole inatosha."

Mkewe anasema hayo ndiyo maneno marefu zaidi bila mzaha aliyowahi kuyasikia kwake.

Mahali pa kumi na moja walikwenda pamoja. Ni nyumba ya mwalimu wa chekechea aliyeacha kufundisha, karibu na kituo cha maji. Watoto watano, walezi wawili, yeye na mdogo wake. Swali la tatu lilipotua, mwalimu alicheka. "Njoo saa yoyote, mlango haufungwi. Ila ukimkuta amelala ukamwamsha kwa mabusu, utambembeleza mwenyewe."

Tatizo likawa nafasi. Mwalimu alifungua daftari lake la majina. "Huyu ana mimba ya miezi mitatu. Huyu ya miwili. Huyu hapa," akagonga ukurasa kwa kidole, "hata mume hajampata, lakini ameandikisha." Wote wakacheka, mpiga pasi akicheka nusu nusu. Wa karibuni kuondoka ni mtoto atakayeanza shule, na mama mmoja wa orodhani amehama, hivyo nafasi hiyo ipo. Lakini itakuwa wazi wiki tano baada ya likizo ya mpiga pasi kwisha.

Wiki tano. Mwajiri ameshasema hana siku za kuongeza. Mpiga pasi aliegemea ukuta.

"Hizo tano nitakaa naye mimi," fundi plasta akasema.

"Wewe?"

"Kwani mimi si baba yake?"

Vibarua hulipwa siku waliyofanya kazi. Ili kuziba pengo hilo, sasa anapiga plasta kila Jumapili mpaka mkewe ajifungue, na mwenzake ameahidi kumshikia nafasi. Kwenye ujenzi wanamwita Yaya. Anaitika. Malezi yenyewe, yakianza, yatakula theluthi ya mshahara wa mkewe. Wamekaa, wamepiga hesabu, wamekubaliana nyama itakuwa ya wageni.

Je, wazazi waanze lini kutafuta? Wenzake kazini humuuliza swali hilo, wengine kwa kejeli, wengine kwa kunong'ona. Jibu lake ni moja. "Siku unayoanza kumficha bosi tumbo, siku hiyohiyo anza kumtafuta mlezi. Na tafuta wawili. Mmoja ni wa kupata, mwingine ni wa siku huyo wa kwanza atakapopatwa na yake."

Ana mipango. Anataka kurudi kwenye meza yake kabla haijakaliwa na mtu. Anataka ile nafasi ya usimamizi, ambayo itakuwa wazi mwakani. Na ameshamwambia mwenye duka kwamba kile chumba cha juu kinachohifadhi mashine mbovu kingetosha watoto wanane na walezi wawili. Mwenye duka alisema atafikiria. "Nitamkumbusha kila Jumatatu," anasema. "Akinichoka, atakubali."

Lakini kwanza kuna jaribio la Jumamosi. Jirani yao, msusi, ana mtoto wa miezi mitatu, na amekubali kwa furaha kuwaazima kwa saa nne. Sharti alilotoa fundi plasta ni kwamba mkewe asiingie ndani.

Saa nne asubuhi mpiga pasi yuko kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa chumba chake mwenyewe, wiki ya thelathini na sita, mikono juu ya tumbo. Mlango uko wazi, pazia limeshushwa. Dakika ishirini ni kimya. Kisha mtoto anaanza. Kilio kinapanda.

Mpiga pasi anasimama.

"Kaa!" sauti inatoka ndani.

"Nimekaa!"

"Hujakaa, nakiona kivuli chako!"

Chupa inaanguka. Fundi plasta anaimba wimbo usio na maneno, anakosea, anaanza tena. Mpiga pasi amelishika pazia kwa vidole viwili, halivuti, haliachii. Dakika saba. Tisa. Kilio kinakatika, kinarudi kidogo, kinageuka kuwa sauti ya kunyonya.

Anasikiliza kwa muda mrefu.

"Anaweza," anasema taratibu, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Kiti kiko nyuma yake. Bado amesimama.