Jua Likifika Pale

Kila ninapotandika mswala kwa sala ya alasiri, kabla sijanuia, macho yangu hukimbilia magharibi. Sitafuti wakati, maana siku hizi adhana husikika mpaka jikoni. Natazama jua limefika wapi. Kisha namwomba Mola wangu anistahimilie, ndipo naanza.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji kimoja cha Kishapu, miaka ile ya sabini serikali ilipoagiza kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe shule. Mimi ni mtoto wa Shinyanga mjini, binti wa mwalimu wa madrasa, na kijijini waliniita Mswahili, kwa maana ya Mwislamu, hata baada ya Kisukuma changu kunyooka. Baba yangu alinifundisha kwamba mtoto ni amana, na amana haifichwi. Kwa hiyo balozi wa nyumba kumi aliponinong'oneza kwamba katika kaya fulani kulikuwa na msichana kiziwi asiyeandikishwa, nilivaa viatu nikaenda.

Kazi hiyo hakuna aliyenituma. Ilianza na mtoto mmoja asiyeona, ambaye wazazi wake waliniuliza pa kwenda, nikatembea nao. Njia ilikuwa ndefu ila haikuwa na siri: hospitali ya mkoa mtoto apimwe, ofisi ya elimu atafutiwe nafasi katika shule ya bweni, kungoja, kisha waranti ya treni, ile hati ya kusafiri bila nauli. Pagumu palikuwa nyumbani, kabla ya hayo yote kuanza.

Msichana huyu alikuwa na umri wa kama miaka saba, mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Baba yake alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na habari zake zilifika kwa nadra, kama mvua za Kishapu. Alilelewa na mama yake na bibi mzaa baba. Bibi ndiye aliyenipokea.

"Mswahili, umekuja kununua mtoto?"

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea kwamba kama nanunua nipandishe bei, maana huyu habishi wala hasemi watu. Kisha mzaha ukaisha. Alisema masamva, wazee wao waliotangulia, ndio walioyaziba masikio hayo, na mtoto akipelekwa wasikomjua, nani atawaambia masamva alipo?

Mama mtu alikuwa akichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Aliuliza neno moja tu: huko shuleni wataongea naye vipi? Nikamuuliza yeye huongea naye vipi. Akanionyesha. Ngumi kooni ni maji. Kiganja shavuni ni homa. Halafu akanionyesha ishara iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Saa za mkononi kijijini hazikuwapo. Mtu akikuahidi kuja, alinyoosha mkono angani na kukuonyesha mahali litakapokuwa jua atakapofika, na hilo lilitosha. Mama huyu, kila siku kabla ya kwenda shambani, alimshika mwanawe kidevu, akamwonyesha mahali. Jua likifika pale, alikuwa anatokea njiani na furushi kichwani, na mtoto alikuwa amesimama kumpokea. Aliniambia hajawahi kumkosea. Akiona jua linamwahi, huacha mstari bila kuumaliza.

Miezi ikapita. Hospitalini, daktari aligonga debe nyuma ya kichwa cha mtoto. Aliyeshtuka ni mama. Nafasi ikapatikana katika shule ya bweni ya viziwi, mbali, safari ya treni kuelekea kusini. Bibi hakukubali, ila alikwisha kunyamaza, na kwa watu wa rika lake kunyamaza si kukubali. Tulikubaliana mimi nimsindikize mtoto, kwa kuwa pamba ilikuwa imepasuka, tayari kuchumwa, na mama hakuwa na mtu wa kumwachia shamba.

Asubuhi ya safari stesheni ya Shinyanga ilijaa watu na magunia. Mama alimvalisha mwanawe gauni jipya, akamfunga shingoni uzi wa shanga nyeupe ambao bibi aliutuma. Treni ilipopiga honi, alimshika kidevu. Nilimwona akibabaika. Aliutazama mkono wake mwenyewe kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho jana. Kisha akaunyoosha juu, upande wa machweo, pale linapokaa jua la alasiri.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Hakulia. Abiria walimsifu kuwa ana moyo.

Njiani alikula, alicheka na mtoto wa abiria aliyekaa karibu nasi, alihesabu ng'ombe dirishani kwa vidole. Jua lilipoanza kuteremka akahamia upande wa pili wa behewa. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akanyoosha gauni lake, akajifuta midomo, akaenda kwenye mlango wa behewa akangoja. Nje ilikuwa pori tupu. Ndipo nilipoelewa alichoahidiwa.

Nilimshika mabega. Aliniangalia kwa upole, akanionyesha angani, kama vile mimi ndiye nisiyejua. Jua likapita pale. Sauti iliyomtoka sitaiandika.

Nilipomfikisha shuleni nilimweleza mlezi wa bweni ishara zote, na ile ya jua pia. Alikuwa mama wa makamo, mkali wa usafi, mwenye huruma. Niliporudi katikati ya muhula, aliniambia mtoto anakula, amejua kuandika herufi, anapendwa na wenzake. Ila kila alasiri, hata wakiwa katikati ya mchezo, huacha, hunawa uso, huenda getini kusimama. Jua likishapita hurudi kucheza. Amejaribu kumzuia, ni kama kuzuia maji. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Watoto wote walikuwa uwanjani wakicheza pasipo neno, vumbi limewapanda magotini, na yeye yuko peke yake, kiganja juu ya nyusi.

Nilirudi Kishapu nikamwambia mama yake. Nilidhani atalia. Aliendelea na pamba yake mpaka akakosea, akatupa safi kwenye fifi. Bibi ndiye aliyesema. Alisema mrudisheni kabla hajakauka pale getini akawa mti. Usiku ule waliongea wenyewe kwa wenyewe, na asubuhi mama akaja kwangu shuleni.

"Nikimrudisha atakuwa nani hapa, Mwalimu?"

Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye, lakini huko ameshaanza kusoma.

"Basi nipeleke. Shamba litangoja."

Tulifika mji ule wa shule kabla ya adhuhuri. Mimi nilitaka tuingie moja kwa moja, kwa sababu kutoka nje tuliweza kuwaona watoto wakienda kula. Mama akakataa. Aliketi kwenye ukingo wa mtaro, ng'ambo ya barabara, akaipa shule mgongo, furushi la viazi vikavu na karanga mapajani.

"Nilimwambia pale," akasema, akaonyesha angani. "Nikiingia sasa nitakuwa nimemdanganya mara mbili."

Tukakaa. Watu walipita wakatusalimu, wakashangaa. Nilisali adhuhuri hapo hapo juu ya kanga yangu. Jua halijapata kuwa zito namna ile. Lilipokaribia, mama aliamka, akajipangusa, akaweka furushi kichwani, akavuka.

Msichana alikuwa getini. Aliliangalia jua, akamwangalia mama yake, akaliangalia jua tena. Nilingoja akimbie. Hakukimbia. Alikwenda taratibu, akanyoosha mikono, akalitua furushi kutoka kichwani mwa mama yake, kama alivyokuwa akifanya nyumbani kila siku mama akirudi shamba. Akatangulia nalo kuelekea bwenini, akigeuka nyuma kuhakikisha anafuatwa.

Siku ya kuondoka, mama alimshika kidevu kwa mazoea na mkono ukaanza kupanda. Mtoto akaukamata. Akaushusha, akaubana ubavuni kwa mikono yake miwili mpaka mlezi alipokuja kumchukua. Toka siku hiyo sikumwona mama yule akionyesha jua tena, hata alipoulizwa na watu wazima atarudi lini kutoka mnadani. Alisema tu, "Nitakuja."

Alhamdulillahi, msichana alimaliza shule. Anajua kushona, anajua kuandika jina lake na la mama yake. Namshukuru Mungu kwa hilo, na shukrani yangu haina doa.

Lakini baadaye, katika likizo yangu moja, nilikwenda kuwatembelea. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Tulikaa uani, mama na mimi, tukichambua pamba, na binti karibu yetu akiwasha moto. Jua lilipofika mahali pale, binti aliacha kuni. Alinawa uso, akatupita, akaenda kusimama njiani, kiganja juu ya nyusi, akatazama kule shambani kusiko na mtu.

Nikamuuliza mama yake kwa sauti ndogo, anamngoja nani sasa?

"Ananingoja mimi, mimi wa siku ile ya treni," akasema, akaondoka kumfuata.