L Zetu Ziko Ndani ya Ziwa

Jumapili iliyopita, hapa Rumonge, mujukuu wangu alinivuta nguo kanisani, katikati ya wimbo. "Koko, si rara, ni lala! Unatutia haya." Nikacheka mpaka pumzi ikakatika. Kaa, rafiki yangu, nikwambie hiyo r ilitoka wapi.

Zamani za Mudachi, misheni yetu ilikuwa na mwalimu kutoka ng'ambo, upande wa Kongo. Alitunga nyimbo za kanisa kwa Kiswahili, akazipiga chapa mwenyewe kwa mashini ndogo ya mkono. Sisi tulisema anakamua nyimbo, kama mama zetu walivyokamua mawese. Sisi watoto tulisomea nyumbani mwake, kwenye mikeka, katikati ya harufu ya wino na ndagala, wale dagaa wetu.

Sasa, herufi zake za kuchapia zilikuwa vijiti vya madini ya risasi, na wee, hakuna kinachozamisha kamba ya kuvulia mukeke, samaki wetu wa ziwani, kama risasi! Baba yangu alikuwa muvuvi, kila siku analalamikia mawe aliyofunga kuzamishia kamba. Nikabeba kikasha kimoja, kile cha karibu na mlango, nikampa baba bila kusema nimekitoa wapi. Kusoma sikujua vizuri. Hata leo, sikufichi, nasoma kwa kuvizia. Kumbe kilikuwa cha l.

Na mzungu wa misheni alishasema: kitabu cha nyimbo kisipokuwa tayari Pasaka, mashini inarudi Ujiji. Mwalimu akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, mpaka kwetu. Akaona kamba ya baba, imefungwa herufi zake.

"Muzee, siku hizi mukeke wako wanasoma?"

"Wanasoma kukushinda wewe," baba akajibu, maskini, hajui kitu.

Nikalia, nikasema yote. Zilibaki l mbili tu. Zingine zilishakatika na kamba, zikazama. Mwalimu akakaa chini kama mufiwa. Nyanya yangu akamuhurumia, akamuimbia wimbo aliotunga mwalimu mwenyewe:

"Ziwa rimerara, wewe hurari, Baba."

Mwalimu akainua kichwa. "Rudia, mama."

Akarudia. Wazee wetu wa Kirundi, l haikukaa kinywani mwao.

"R ninayo kikasha kizima!" mwalimu akasema, akatoka mbio. Hata fimbo hakunipiga.

Pasaka kitabu kikawa tayari, r mahali pa l. Zile l mbili aliziweka kwa Aleluya tu, na nyanya akaimba Areruya vilevile. Mzungu alikunja uso, lakini kanisa zima liliimba, na mashini ikabaki. Nyanya, asiyejua hata a, alikishika kile kitabu akasema, "Hiki kimenisikia."

Halafu vita vya wazungu vikaja. Mudachi akaenda, mwalimu akavuka ziwa na mashini yake, kitabu chetu kikaliwa na muchwa. Hiki kipya tunachoimbia sasa kina l zote mahali pake. Sawa. Mujukuu wangu akitaka na mimi niziimbe, apige mbizi azilete.